Aliyekula Chakula cha Mungu

Marehemu hasemwi vibaya; ndivyo tulivyolelewa. Mama Kengele bado yu hai, kwa hiyo nitamsema sasa, kabla msiba haujanifunga mdomo.

Alikuwa na roho mbaya. Sisi tuliokulia Majengo, nyuma ya ukuta wa hekalu la Wahindu pale Mpanda mjini, tulimjua kwanza kwa maji. Ukikatiza mbele ya lango lake asubuhi, akiwa ameshapiga deki ngazi, unasikia ndoo inakwaruza sakafu, kisha umelowa. Hakuchagua mtoto wala mtu mzima. Siku moja alimmwagia mwalimu mkuu wetu, mzee wa suti ambaye sisi tukimwona tu tulikuwa tunakimbia. Mwalimu mkuu akarudi, akagonga lango kwa fimbo, akataka aombwe radhi. Sauti ikatoka ndani: "Shukuru. Hayo yalikuwa ya kwanza. Ya pili huwa na mavi ya njiwa."

Watu wengi walimdhania kuhani. Hakuwa. Kuhani alikuja kwa treni kutoka Tabora mara chache kwa mwaka, akasoma vitabu vyake, akalishwa, akaondoka. Aliyebaki na mungu ni huyu mwanamke. Alifagia, alisugua taa za shaba kwa majivu, alisaga msandali juu ya jiwe mpaka ukawa uji, alitunga maua kwenye uzi, na alipiga kengele asubuhi na jioni. Kengele ndiyo iliyompa jina. Ile "Mama" ilikuwa ya woga tu, maana hakuzaa wala hakuolewa. Wafanyabiashara wenye hekalu hawakuoza wala kuoa kwa watu wa aina yake, na watu wa aina yake hapa Mpanda walikuwa yeye na mdogo wake wa kiume, basi.

Habari za hao watu wake alinipa vipande vipande, kwa miaka mingi, baada ya mimi kuwa mwalimu na kurudi kuishi kwenye nyumba ya baba. Ukuta wetu na wa hekalu ulikuwa mmoja. Yeye upande wake anasaga msandali, mimi upande wangu nachambua mchele, maana mshahara wa ualimu haukutosha bila biashara ya mchele wa Majimoto na Usevya. Alipenda kuongea na mtu asiyeuliza maswali.

"Sisi ni Waguravu," alisema. "Hatuombi kazi. Tunazaliwa na ufagio mkononi."

Huko kwao Bara Hindi, alivyoelezwa na baba yake, kila kijiji chenye hekalu la Shiva kilikuwa na nyumba ya Waguravu pembeni. Wao ndio waliomuogesha mungu, waliompigia ngoma, waliochuma majani matakatifu na kushona sahani za majani kwa ajili ya harusi za watu wengine. Wakati wa mavuno kila mkulima aliwapimia nafaka. Na chakula kilichowekwa mbele ya Shiva kililiwa na wao. Hilo ndilo lililowapa maisha, na ndilo lililowaharibia jina. Shiva, alisema, ni mungu wa majivu na mahali pa kuchomea maiti. Kikishawekwa kwake, watu wa heshima hawakigusi. Lakini hakiwezi kutupwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukila.

"Wanatuhitaji tule," alisema, "halafu wanatucheka kwa sababu tumekula."

Nilimwonea huruma, nikafanya kosa la kumwonyesha usoni. Akaniangalia kama ninanuka. "Unanisikitikia nini wewe? Wenyewe wanamwogopa. Mimi nakula naye."

Kazi hiyo hurithiwa na wana wote, na hekalu ni moja. Kwa hiyo zamu za kuhudumia ziligawanywa kama shamba la urithi linavyogawanywa hapa kwetu, mpaka ikafika babu yake anasubiri mwaka mzima ili apate siku chache tu za kumhudumia mungu na kula. Ndugu waligombana. Alisema mjomba mmoja alimtia mwenzake sumu kwenye maziwa ya sadaka ili achukue zamu yake, na kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyemshitaki, kwa sababu asubuhi ilikuwa imefika na mungu alihitaji kuogeshwa. Alisimulia hayo bila kuacha kusaga. Ndipo wafanyabiashara wa huku walipotuma habari kwamba wamejenga hekalu mji wenye mgodi na reli, wanatafuta Mguravu. Baba yake akapanda meli na mkewe. Huku angekuwa na mwaka mzima peke yake.

Akaupata. Waliupata wote watatu, baba na wanawe wawili waliozaliwa huku, mama yao akiwa ameshafariki, ndani ya chumba kimoja nyuma ya hekalu.

Mbele ya mungu wake, mwanamke huyo mkatili alikuwa mtu mwingine. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani. "Amka baba, pamekucha," kwa sauti ambayo hakuna mtoto wa Majengo aliyewahi kusemeshwa nayo. Mwezi wa sita, asubuhi za Mpanda zinapouma, alimchemshia maji ya kuoga. Mwezi wa kumi, joto likitufukuza sisi ndani ya nyumba, yeye alikaa anampepea Shiva wake, ambaye hapo hekaluni alikuwa jiwe, kwa upepeo wa ukindu mpaka jua linatua. Na baba yangu alipofariki, nyumba imejaa, kina mama wanalia, kichwa chake kikachomoza juu ya ukuta. "Nyie! Lieni kwa zamu. Mungu amepumzika."

Shangazi yangu alimrushia kandambili. Haikumpata.

Nilimwona akifedheheshwa mara moja, nikiwa bado mdogo. Ilikuwa asubuhi ya sikukuu kubwa ya Shiva. Sisi watoto tulijazana langoni kusubiri peremende. Mdogo wake, aliyekuwa mpiga ngoma wa hekalu na hodari wa kupiga kwenye harusi za watu, alikuwa amemnunulia sari ya kijani yenye ukingo wa dhahabu. Akatoka nayo kupokea wageni. Kusema kweli alipendeza. Mke wa mwenyekiti wa hekalu alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema kitu kwa Kihindi, wenzake wakacheka. Halafu akakirudia kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikose.

"Ukivaa hivi, mungu atamjuaje mtumishi wake?"

Akamwamuru akasugue masufuria ya samli, hapo hapo, alivyo. Mama Kengele akachuchumaa kwenye bomba la maji akasugua. Mdogo wake alisimama na ngoma yake shingoni bila kuipiga, mpaka mwenyekiti akamkemea. Kufika adhuhuri sari ilikuwa nyeusi mpaka magotini.

Alasiri hiyo hiyo akaja mama muuza maua. Huyu alikuwa wa Katumba, wa zile familia zilizokimbia Burundi zikalima hapa mpaka zikapewa uraia. Alikuwa na bustani ya maua ya njano, na kila wiki alileta kapu kichwani. Mama Kengele hakupokea kitu mkononi mwake. Maua yalipaswa kuwekwa chini, yanyunyiziwe maji, ndipo ayaokote. Siku zote ilikuwa hivyo, lakini siku ile alichukua kapu zima akalimwaga barabarani.

"Yananuka ukimbizi," alisema.

Mama wa Katumba hakuinua sauti. "Nimeyapanda mimi, nimeyamwagilia mimi, nimeyachuma mimi. Ukiyarushia maji unadhani yanasahau?" Akaokota yale ambayo hayajakanyagwa, akayaweka tena chini mbele ya lango, akachukua pesa zake akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi. Hapakuwa na mteja mwingine wa maua Mpanda nzima.

Sasa nije kwa mdogo wake, maana hapo ndipo watu huniuliza kama ninatia chumvi. Sitii.

Kijana alipendana na mwanamke wa Kipimbwe aliyekuwa analeta mchele sokoni kutoka Usevya. Mji mdogo, wakaonekana. Wazee wa hekalu hawakumwita kijana. Walimwita dada yake. Walichomwambia alinieleza mwenyewe, miaka mingi baadaye, akiwa amenipa mgongo. "Waliniambia: ama huyo amekufa, ama nyote wawili mnatoka leo."

Alichagua. Asubuhi iliyofuata mdogo wake alitoka langoni na sanduku la bati. Hakuwa ameiba kitu, hata ngoma aliiacha. Alipofika ng'ambo ya barabara, dada yake akatoka na chungu cha maji begani, akazunguka nacho kama wanavyofanya kwenye maziko yao, akakiacha kikaanguka kikapasuka. Kisha akajimwagia maji na nguo zake mwilini, kama mtu aliyetoka kuaga maiti.

"Dada!" kijana aliita. "Dada, niko hapa!"

Mama Kengele alifuta uso. Akatugeukia sisi majirani tuliokuwa tumesimama midomo wazi. "Mdogo wangu amefariki," alisema, akaingia ndani.

Akashika matanga siku zote zinazotakiwa. Akapita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wa mtu. Nani angekataa? Baba yangu alitoa rambirambi, kisha akaenda stendi kupokea mzigo, akamkuta marehemu amekaa juu ya sanduku lake anasubiri lori la Majimoto. Baba akampa mkono. Akamwambia, "Pole na msiba." Kijana akamjibu, "Asante, mzee," halafu akaangua kilio pale pale, mbele ya makuli.

Baba alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na watu walicheka kila mara. Yeye hakucheka hata siku moja.

Baada ya hapo ngoma haikupigwa tena hekaluni. Ilibaki kengele.

Miaka ikapita. Siku moja, mimi sasa ni mwalimu na nina watoto, nilimkuta binti wa sekondari langoni kwa Mama Kengele, sare imepigwa pasi, nywele nzito zimefungwa nyuma. Pua ile, nyusi zile, hapakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa amepata nafasi shule ya bweni mjini na baba yake alimwambia: una shangazi, nenda kamsalimie, ila usikae sana.

Lango likafunguliwa kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

Mama Kengele alimtazama muda mrefu. Nikasema moyoni, leo itakuwa leo.

"Umekosea nyumba," alisema. "Kaka wa hapa alikufa kabla hajazaa."

"Lakini baba ndiye aliyenituma…"

"Basi mwambie aliyekutuma kwamba maiti hazitumi watoto."

Lango likafungwa. Binti hakulia mbele yake. Alikuja kulia kwenye jiko langu, akanywa maji, akanawa uso, akaniuliza njia ya kurudi shuleni isiyopita hapo. Kwa miaka yote aliyosoma Mpanda hakupita tena. Jioni ile nilimwambia Mama Kengele kupitia ukutani kwamba ule haukuwa ubinadamu. Akasema, "Ningemfungulia, wangenifungia." Hilo ndilo neno pekee la kujitetea nililowahi kusikia kwake. Kesho yake alinimwagia maji.

Wafanyabiashara walianza kuhama. Watoto wao walikuwa Dar na ng'ambo, maduka yakawa ya watu wengine. Ikabaki familia ya mwenyekiti, tena mwenyekiti mwingine, mtoto wa yule wa kwanza. Asubuhi moja ikaja gari aina ya kenta na mafundi. Wakang'oa kengele. Wakafunga taa za shaba kwenye magunia. Jiwe la Shiva wakalizungushia magodoro, wakalipandisha taratibu kuliko mgonjwa.

Mama Kengele alikuwa ameshafunga kitanga chake cha kulalia na jiwe lake la msandali. Akamuuliza mwenyekiti, "Mimi nakaa mbele au nyuma na yeye?"

Mwenyekiti alikuwa anaangalia simu. "Mungu anakwenda Mwanza, mama. Kule kuna hekalu kubwa, lina watumishi wake."

"Mimi ndiye mtumishi wake."

"Wana zamu zao kule. Wamejaa."

"Na mimi?"

"Wewe si umezaliwa Mpanda?" alisema mwenyekiti, bila ubaya, kama mtu anayemsaidia mtu kukumbuka. "Wewe kwenu ni hapa hapa."

Gari likaondoka. Alilifuata kwa miguu hadi barabara ya lami, akipiga kelele kwamba maji ya kumuogesha yasiwe ya baridi, kwamba asifunikwe uso. Watoto walimfuata nyuma wakimwigiza. Sikuona mtu mzima aliyewakataza. Tulikuwa tumelowa maji yake kwa miaka mingi.

Aliporudi, mama wa Katumba alikuwa langoni na kapu lake, maana hakuwa na habari. Akachungulia ndani, akaona chumba kitupu. Akaweka maua chini kama kawaida. Mama Kengele akainama ayaokote, na mama wa Katumba, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno la kuumiza, akasema, "Karibu ukimbizini, mama."

Kiwanja kiliuzwa. Mmiliki mpya, muuza mabati, alimvumilia kwa muda kisha akaleta mafundi. Nilimwambia aje kwangu. Nilimwambia kweli, si kwa mdomo tu. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Kwako kunanuka dagaa," alisema. "Ninakwenda Usevya kwa mdogo wangu."

Lilikuwa jambo geni kumsikia akiwa na mdogo. Alisema mdogo wake ni mtu wa kusamehe, alikuwa hivyo tangu utotoni, ukimpiga anakuletea fimbo iliyokuponyoka. Alisema atamwambia maneno fulani, na hayo maneno alikuwa nayo tayari siku nyingi. Mimi ndiye niliyemtafutia usafiri. Hakuniaga.

Yaliyotokea nilisimuliwa na wifi yake. Alishuka mbele ya nyumba alasiri, akasimama uani na kitanga chake. Wifi yake alitoka jikoni amevaa nguo nyeusi.

"Nimekuja kumwona mdogo wangu," alisema Mama Kengele. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza wifi yake kulisikia kutoka kwake tangu aolewe.

"Umechelewa, wifi. Tulimzika kabla ya masika."

Mama Kengele akatua kitanga chake. Kisha akauliza kwa nini hakuletewa habari.

"Alikataza," alijibu wifi yake. "Aliumwa muda mrefu, tukamwambia tumwite dada yako. Akasema hapana. Dada alishanizika, akasema, msimsumbue mara mbili."

Walimpa chumba cha ghala. Mwenye mji sasa ni yule binti wa langoni; analima mpunga, ana pikipiki, ana sauti. Hamtesi. Anamlisha, anamnunulia dawa ya macho, na hamwiti shangazi. Anamwita "yule bibi."

Mwaka huu, wakati wa mavuno, nilifika Usevya kuchukua mchele. Mama Kengele alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua, kwa kugusa tu, maana mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Alinijua kwa sauti. Akaanza papo hapo: ugali wa hapa haujaiva, ng'ombe wa Wasukuma wanapita wakinya mlangoni, wifi yake anaimba mapambio tangu asubuhi kama redio mbovu. Wifi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Akaendelea kupepeta.

Kisha Mama Kengele akashusha sauti. "Mwalimu. Nipeleke kwa yule."

Nikamshika mkono. Kaburi lilikuwa mwisho wa shamba, limejengewa saruji, na msalaba umeandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Akapapasa mpaka akaupata. Vidole vyake vikapita juu ya herufi, taratibu, mstari mzima. Hakujua kuzisoma.

"Pameandikwa nini?"

Nikamsomea. Lilikuwa jina alilobatizwa, na la pili ni la ukoo wa mkewe, uliompokea.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

Aliondoa mkono, akaupangusa kwenye nguo. "Huyo simjui," alisema. "Twende, jua kali."

Nilimrudisha kwenye mkeka wake, hasira zimenijaa, nikaenda kumsaidia binti kufunga magunia kwenye pikipiki. Alikuwa ametuona.

"Kakuomba umpeleke?"

"Ndiyo."

"Kasema hamjui?"

"Ndiyo."

Akakaza kamba kwa goti. "Wiki iliyopita alipelekwa na muuza vitenge. Juzi alimsimamisha mchunga ng'ombe anapita zake. Kila mgeni anayefika hapa, Mwalimu, na kila akirudi jibu ni hilo." Akafunga fundo, akalijaribu kama limeshika. "Sisi wa nyumbani hajatuomba hata siku moja."